Kasha la risasi elfu moja: maoni ya mtu wa stoo

Nianze na vishikio, maana ndivyo vilivyoniudhi. Kasha la Kimarekani la risasi 1,000, la enzi ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, halikuwa na kamba. Lilikuwa na vipande vya mbao vilivyopigiliwa kwenye ncha zake mbili, mbebaji akavishika kwa chini. Hili nililoletewa lina kamba nene, imepenya matundu mawili kila upande na kupigwa fundo kwa ndani. Kamba yenyewe ni nzuri, haichubui mkono. Ila ni ya jeshi jingine.

Sababu niliielewa nilipofungua kasha la pili. Seti inauzwa kwa pamoja: kasha la Kimarekani, na kasha la Kiingereza la risasi 600 za bunduki ya Martini-Henry, lile lililokwenda Zululand, Afrika Kusini ya leo, mwaka 1879. Hilo la Kiingereza ndilo lenye haki ya kamba. Fundi hakutaka kujisumbua na aina mbili za vishikio, akanunua bunda moja la kamba akaligawa kwa makasha yote mawili. Mimi naijua tabia hiyo. Kila aliyewahi kupokea mizigo anaijua.

Niseme mapema ninavyoangalia vitu, ili msije mkadhani nyinyi na mimi tunatafuta kitu kimoja. Mimi ni mtu wa stoo. Nimepokea, nimepanga na nimetoa mizigo maisha yangu yote ya kazi: dawa, vipuri, vitabu vya shule, mbegu. Siku hizi nawafundisha vijana kazi hiyohiyo, na seti hii niliiagiza kwa ajili ya darasa, si kwa kupamba sebule. Anayekusanya silaha za kale atatazama rangi na mhuri. Mimi natazama kama kifungashio kinafunguka, kinabebeka, kinasomeka na kinahesabika. Karakana iliyotengeneza ni ndogo, hutengenezea makumbusho na watu wa filamu, na jina lake silitaji kwa sababu bado tunajibizana.

Ndani ya seti mna makasha hayo mawili, pakiti 20 za risasi za Kimarekani, pakiti 10 za Kiingereza, mkoba mmoja wa ngozi wa kuvaa ubavuni, na karatasi ya maelezo. Baruti hakuna, na ndivyo inavyopaswa. Ndani ya risasi wametia mchanga mweusi mwembamba.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya nisiirudishe seti hii: pakiti. Pakiti ndiyo bidhaa hasa, kasha ni koti lake tu. Watu wanapozungumzia risasi za karne ya 19 hutaja bunduki, hutaja majenerali, na wakifika kwenye ugavi hutaja treni. Hakuna anayetaja kifurushi cha karatasi kinachoingia kiganjani, chenye risasi kumi, kilichofungwa kwa uzi. Jeshi zima la Marekani lilihesabu kwa kifurushi hicho. Kumi katika pakiti, pakiti mia katika kasha, kasha moja risasi elfu. Sajini akiwa gizani, mvua inanyesha, hajui kusoma vizuri, bado anaweza kujua ametoa ngapi kwa kuhesabu vifurushi kwa vidole.

Nilifungua kimoja taratibu mbele ya darasa. Risasi zimelazwa safu mbili za tano, vichwa vikipishana, kimoja huku kingine kule, kwa sababu upande wa kichwa ni mzito na wa baruti ni mwepesi, na ukivilaza vyote upande mmoja kifurushi kinavimba na kupinda. Karatasi imekunjwa kwenye ncha kama ilivyokunjwa enzi hizo, bila gundi, uzi ndio unaoshika. Hapo fundi amefanya kazi ya kusifiwa. Uzi umevutwa kwa nguvu inayotosha. Ukivuta ncha moja unaachia mara moja, huhitaji kisu. Kijana mmoja akaniambia, "Mama, huyu aliyefunga hiki alijua kuna mtu mwingine atakifungua." Nikamwambia aandike hivyohivyo kwenye daftari lake.

Kisha nikatafuta fataki. Hazimo.

Hapa nitakaa kidogo, maana ni jambo dogo lenye akili kubwa. Bunduki za wakati ule ziliwashwa kwa fataki, kikofia kidogo cha shaba nyekundu ambacho askari alikichomeka kwa vidole juu ya chuchu ya chuma, nyundo ya bunduki ikakipiga. Ni kidogo kuliko ncha ya kidole kidogo cha mkono, na askari alikishika akiwa anatetemeka, mikono ina jasho, au baridi imemfisha ganzi. Vinaanguka. Kwa hiyo kila pakiti ya risasi kumi ilikuwa na kikaratasi kilichoviringwa chenye fataki 12. Kumi za kutumia, mbili za kuanguka. Aliyepanga hilo aliingiza upotevu kwenye kifungashio kabla mzigo haujatoka kiwandani, tena mahali palepale ambapo hasara itatokea, mkononi mwa mtumiaji. Hakuweka kasha la fataki za akiba nyuma ya mstari huko, mtu aende akaombe. Nimefanya kazi na watu wenye shahada ambao hawajawahi kulifikiria jambo hilo, nami nimepokea vifaa vyenye boliti kamili kabisa, ikipotea moja mashine inalala.

Sasa seti inayojisifu kuwa "kamili" inaletaje pakiti bila fataki? Nimeuliza. Wamejibu kwamba vikofia hivyo ni ghali kuvitengeneza. Sikatai, lakini wangeweka hata kikaratasi chenyewe, kitupu, ili mtu aone nafasi yake.

Na risasi yenyewe? Ilikuwa bomba la karatasi lililoviringwa kwenye kijiti, baruti upande mmoja, kichwa cha madini ya risasi upande wa pili. Bunduki ya Springfield yenye tundu la mtutu la inchi 0.58, ambayo ni milimita 14.7 hivi, ilikula kichwa cha gramu 32 na baruti gramu 4 pungufu kidogo. Askari alirarua mkia wa karatasi kwa meno, akamimina baruti mdomoni mwa mtutu, akakitoa kichwa kwenye karatasi na kukishindilia kwa fimbo ya chuma. Ndiyo maana mtu aliyekuja kuandikishwa bila meno ya mbele aliweza kukataliwa. Nilimpa kijana mmoja airarue hii ya seti. Alivuta, akang'ang'ania, akanitazama kama ninamfanyia mzaha. Karatasi ni nene mno, tena ina mng'ao, ile ya kuchapia kalenda. Karatasi ya kazi ile ilitakiwa iwe imara ya kutosha kubeba baruti njiani na dhaifu ya kutosha kukubali meno. Mizani hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya bidhaa, na fundi ameikosa.

Mkoba wa ngozi, kinyume chake, sina neno baya. Ndani una vyombo viwili vya bati vinavyochomoka. Kila kimoja sehemu ya juu imegawanywa, risasi sita huku na nne kule, zimesimama wima zikisubiri mkono. Chini yake kuna chumba kinachoingia pakiti moja nzima ikiwa bado imefungwa. Jumla risasi 40: ishirini tayari, ishirini akiba. Ukitaka akiba unachomoa bati, unatoa pakiti, unaifungua, unazipanga juu. Jaribuni kufanya hivyo mkiwa mmepiga magoti na mtu anawaharakisha. Vijana wangu walimwaga risasi sakafuni wote bila ubaguzi, na hapakuwa na anayewapiga. Unaelewa kwa nini askari wengi kabla ya mapigano walijaza risasi za ziada mifukoni na kuachana na utaratibu, na kwa nini amri ya kubeba 60 au 80 ilipotoka, theluthi au nusu yake haikuwa na mahali rasmi pa kukaa. Hata hivyo idadi ya 40 iliwaingia watu damuni: Kikosi cha 15 cha jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini, kilichora mkoba huo kwenye beji yake, na maneno yaliyoandikwa ni "risasi arobaini".

Fundi ameviringa kingo za bati ili zisikate vidole, na ngozi ina kifuniko cha nje na cha ndani, cha kuzuia mvua na cheche. Hapa sina deni naye.

Turudi kwenye kasha. Mbao ni msonobari mweupe, unene kama inchi moja, na pembe zimeunganishwa kwa meno yanayoingiana, si kwa misumari peke yake. Hivyo ndivyo kitabu cha mwongozo cha idara ya silaha ya Marekani cha 1861 kilivyotaka. Kifuniko kilifungwa kwa skrubu sita, na ndani kulitandazwa karatasi isiyopitisha maji. Skrubu za seti hii ni za nyota. Nimecheka. Skrubu ya nyota ni kitu cha karne ya 20. Za wakati ule zilikuwa na mfereji mmoja, za bisibisi bapa. Zilibadilishwa kwa urahisi, skrubu sita tu, lakini mtu anayeuza kumbukumbu ya historia hapaswi kunifanya nitafute skrubu.

Karatasi ya ndani haipo. Wenyewe wanasema wanunuzi wengi hawaihitaji. Baruti nyeusi inanyonya unyevu, na kasha hili lilitoka kiwanda cha silaha cha Watertown kule Massachusetts, au cha Frankford kule Philadelphia, likapanda treni, likashuka, likapanda meli ya mtoni, likashuka, likapakiwa kwenye gari la kuvutwa na nyumbu sita, likalala nje chini ya turubai. Kulikuwa na ulinzi mara tatu: karatasi ya risasi yenyewe, karatasi ya pakiti, karatasi ya kasha. Ukiondoa wa mwisho, umeacha mbao zenye nyufa kati ya mvua na mzigo wako. Nimetandaza mwenyewe karatasi iliyopakwa nta, na kazi haikuwa ngumu.

Kinachonikera zaidi ni maandishi. Wameandika "risasi 1,000" kwa herufi nzuri kubwa juu ya kifuniko. Juu! Panga makasha manne, moja juu ya jingine, uniambie la tatu lina nini. Jeshi liliandika kwenye ncha, upande unaomtazama mtu wa stoo, na tena ndani ya kifuniko: aina ya risasi, mahali zilipotengenezwa, tarehe. Ndani ya kifuniko ni kwa ajili ya pale kifuniko kinapotenganishwa na kasha na watu wanaanza kubahatisha.

Na kubahatisha kuliua watu. Majeshi ya vita vile yalibeba bunduki za kila namna. Springfield ya 0.58, Enfield kutoka Uingereza ya 0.577, bunduki za zamani za 0.69, na nyinginezo. Tofauti ya 0.58 na 0.577 huioni kwa macho, lakini kichwa kikubwa kwenye mtutu mdogo uliokwisha kuchafuliwa na masizi kinakwama katikati ya njia. Mfano ninaowapa vijana ni Chickamauga, Georgia, tarehe 20 Septemba 1863. Kikosi cha 21 cha Ohio kilikuwa kilimani na bunduki za Colt zenye silinda inayozunguka, silaha ya kifahari iliyopiga haraka kuliko za wenzao. Ilipiga haraka, ikamaliza haraka. Risasi zake zilikuwa za kipimo chake peke yake, na zilipokwisha, kuwa na majirani wenye risasi hakukuwasaidia. Wengi waliishia mateka jioni ile.

Siku hiyohiyo, kilima hichohicho, ndiyo iliyonipa hesabu ninayoipenda kuliko zote. Jenerali Thomas wa Kaskazini alikuwa amebaki nyuma akizuia wakati sehemu kubwa ya jeshi imekwisha kukimbia, na askari wake walikuwa wakikagua mifuko ya waliokufa kutafuta risasi. Ndipo Jenerali Granger wa upande huohuo alipofika na kikosi cha akiba, na pamoja na watu alileta risasi 95,000. Vitabu vinaitaja namba hiyo na kupita. Mimi nilisimama darasani nikauliza: hayo ni makasha mangapi? Tisini na tano. Madini ya risasi na baruti tupu, bila mbao, ni karibu tani tatu na nusu. Nani aliyeyapakia, kwenye magari mangapi, na nani alihakikisha kwamba ni ya kipimo kinachofaa? Ukigawa, askari elfu mbili na ushee wanapata arobaini kila mmoja, mkoba mmoja. Kwa mapigano yale hizo zinakwisha haraka, lakini zilisogeza jioni.

Uzito huo ndio niliotaka vijana wausikie mgongoni, na hapa seti inaanguka vibaya. Pakiti zinazokuja ni 20 tu, nafasi iliyobaki imejazwa sponji. Kasha linanyanyuliwa kwa mkono mmoja. Kasha halisi la risasi 1,000 za Springfield lilipita kilo 40, na lilikuwa dogo, dogo kwa namna ya kudanganya. Mtu anainama akidhani anabeba sanduku la vitabu. Nimetoa sponji, nikajaza vifuko vya mchanga hadi mizani ikasema kilo 43. Sasa linafundisha. Ukilibeba na mwenzako hatua mia moja kwa kukimbia ndipo unafahamu kwa nini magari ya risasi yalitakiwa yawe karibu na mstari, na kwa nini hayakuwahi kuwa karibu vya kutosha.

Karatasi ya maelezo haisemi neno lolote kuhusu waliofunga pakiti. Walikuwa wanawake na wasichana, wengi wadogo sana, walioajiriwa kwa wepesi wa vidole vyao na kwa sababu wanaume walikuwa vitani. Tarehe 17 Septemba 1862 karakana ya risasi ya Allegheny, Pittsburgh, ililipuka ikaua watu 78, wengi wao wasichana hao. Wapo waliosema ni cheche za chuma cha kwato au gurudumu kwenye barabara ya mawe iliyomwagikiwa baruti. Mwaka uliofuata, Machi 13, ikalipuka maabara ya kutengenezea risasi ya upande wa Kusini kwenye kisiwa cha Brown, Richmond, wakafa zaidi ya 40. Tarehe 17 Juni 1864 ikawa zamu ya Washington, wanawake 21, na Rais Lincoln alikwenda mazishini. Kila kijana anayevuta uzi wa pakiti darasani kwangu huambiwa kwanza nani aliufunga. Kama karakana ilipata nafasi ya kuchapa picha ya bendera kwenye karatasi ile, ilikuwa na nafasi ya mistari mitatu.

Kasha la Kiingereza ni kazi bora kuliko la kwanza, na nadhani ndilo alilolipenda fundi. Mbao ya mkangazi, mikanda miwili ya shaba nyekundu iliyozunguka mwili mzima, bitana ya bati jembamba kwa ndani. Kifuniko hakiinuki chote: katikati kuna kipande chenye umbo la kabari kinachoteleza kwenye mifereji, kimeshikwa na skrubu moja tu ya shaba. Skrubu ni ya bisibisi bapa, asante. Ndani zinaingia pakiti 60 za kumi kumi. Hata Waingereza walihesabu kwa kumi, na unaona kwa nini: kumi ni kiasi ambacho mkono mmoja unakishika bila kutazama. Makasha mawili yalimtosha nyumbu mmoja, moja kila ubavu, mzani ukakaa.

Kosa lipo kwenye risasi. Wameweka maganda ya shaba mazima, yanayong'aa, yaliyovutwa kipande kimoja. Ya 1879 hayakuwa hivyo. Yalikuwa ya bamba jembamba la shaba lililoviringwa, na kitako cha chuma, na yaliweza kubonyea safarini kisha yakakwama bunduki ikipata moto. Kwa hiyo ubora wa kasha haukuwa urembo. Mikanda ile ya shaba nyekundu ililinda ganda dhaifu. Ukiweka ganda zima ndani, kasha linaonekana limetengenezwa na mtu mwenye wasiwasi bure.

Halafu karatasi ya maelezo inarudia hadithi ileile: kwamba Isandlwana, tarehe 22 Januari 1879, Waingereza walishindwa na Wazulu kwa sababu hawakuwa na bisibisi za kufungulia makasha. Nililiweka kasha mezani, nikamwita kijana mwenye misuli, nikampa kitako cha bunduki ya mbao tuliyoazima kwa kikundi cha maigizo. Nilimwambia apige ukingo wa kabari kwa ubavu, upande unaotelezea. Skrubu ikapinda, kabari ikatoka. Ni skrubu moja! Kwenye uwanja wenyewe zimeokotwa skrubu zilizopinda, kwa hiyo na wao walijua kupiga. Jioni ileile, pale Rorke's Drift, kituo kidogo cha Waingereza kilicho karibu, makasha ya namna hiyohiyo yalifunguliwa na watu wapatao 150, wakapiga usiku kucha. Wazulu zaidi ya 20,000 walioshuka kwa mpango wao wa pembe na kifua, pembe zikizingira na kifua kikigonga katikati, dhidi ya mstari mrefu mwembamba uliotandazwa mbali na kambi, hawahitaji msaada wa bisibisi iliyopotea ili tuwaamini kwamba walishinda.

Kisa cha kweli cha stoo kutoka siku ile ni kingine, na hakimo kwenye karatasi. Luteni Smith-Dorrien, kijana wa usafirishaji aliyeponea chupuchupu na baadaye akawa jenerali mkubwa, alianza kuvunja makasha na kugawa risasi. Ofisa wa ugavi, Bloomfield, akamzuia: hizo ni za batalioni yetu, usizichukue. Smith-Dorrien akamuuliza kama kweli saa ile alikuwa anataka hati ya maombi. Watu hukisimulia kisa hicho wakimcheka Bloomfield. Mimi simcheki. Risasi za batalioni yake zilikuwa zimeagizwa zikae tayari kumfuata Lord Chelmsford, kamanda wa Waingereza, aliyetoka alfajiri na nusu ya jeshi. Mtu ana amri mkononi, mzigo una mwenyewe, na mbele yake amesimama luteni mdogo asiyemjua. Ni mtunza stoo gani ambaye hajawahi kusimama hapo? Lakini pia ni kweli kwamba saa ya kuacha leja hufika, na Bloomfield aliuawa siku hiyo kabla mtu yeyote hajamuuliza alikuwa anafikiria nini. Darasa langu liligawanyika vipande viwili juu yake, tukachelewa kutoka.

Je, ununue? Kama unataka kitu cha kutazama, kasha la Kiingereza peke yake linatosha, na nimeambiwa linauzwa pekee ukiomba. Badilisha maganda ukiweza. Kama unafundisha, chukua mkoba wa ngozi na pakiti nyingi kadiri mfuko wako unavyoruhusu, na kasha la Kimarekani mpe seremala wa karibu vipimo, atakutengenezea kwa mbao nzuri zaidi na vishikio sahihi. Usisahau kumwambia maandishi yakae kwenye ncha. Mzigo wangu ulifika haraka, umefungwa vizuri, hakuna kilichovunjika, na anayejibu barua pale karakana ni mstaarabu.

Kuhusu vishikio wamekubali, wanasema vya mbao vinakuja bila malipo. Kuhusu karatasi nene wamesema watajaribu nyingine. Kuhusu hadithi ya bisibisi wamenijibu kwamba wateja wanaipenda, nami nimewarudishia barua yenye picha ya skrubu yetu iliyopinda. Hiyo bado hawajaijibu.